Kufuli Lililojenga Duka

Mkazi wa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, anayetaka simu janja leo si lazima aende kwenye maduka ya simu ya Luthuli Avenue akiwa na pesa zote mkononi. Karibu na steji ya matatu atamkuta wakala chini ya mwavuli, na mbele yake meza ya plastiki yenye simu nne au tano za maonyesho. Wakala atapiga picha kitambulisho chake, ataingiza namba yake ya M-Pesa, atasubiri malipo ya kwanza yaingie, kisha mteja ataondoka na simu mpya ndani ya boksi, akidaiwa shilingi kadhaa kila siku kwa miezi ijayo. Hakuna atakayemuuliza stakabadhi ya mshahara wala hati ya shamba. Msimamo wangu ni kwamba biashara hii imekua kwa sababu ya kitu kimoja, nacho ni uwezo wa muuzaji kuizima simu akiwa mbali. Uwezo huo umewapa watu wa mitaa ya mabanda mkopo ambao maduka ya zamani hayakuwahi kuwapa, na sitaki uondolewe. Lakini sheria inapaswa kuushika sasa, kwa sababu anayezima simu ya mteja aliyekaribia kumaliza deni anafanya, kwa njia nyingine, jambo ambalo sheria ya Kenya iliyotungwa 1968 imemkataza muuzaji wa awamu kulifanya bila mahakama.

Ununuzi wa awamu si mgeni nchini. Kampuni kama African Retail Traders na Kenya Credit Traders ziliuza vyombo vya nyumbani kwa malipo ya kila mwezi, na wateja waliozitegemea zaidi walikuwa wenye mishahara: walimu, manesi, askari, makarani. Mpango wenyewe ulikuwa na umri mkubwa, kwani Singer ilikuwa ikiuza cherehani kwa awamu Marekani tangu 1856. Mwenye mshahara alikopesheka kwa sababu mwajiri aliweza kulikata deni kabla pesa hazijamfikia. Pasipokuwa na mwajiri hapakuwa na pa kukatia, kwa hiyo mtu wa mjengo, mama mboga, dobi na msukuma mkokoteni walibaki nje. Wao walinunua mtumba, au walingoja zamu yao ya chama ifike, au walilipa polepole kwa mwenye duka aliyebaki na redio kabatini mpaka shilingi ya mwisho imfikie. Mpango huo wa mwisho ni mkopo uliogeuzwa juu chini: maskini ndiye aliyemkopesha mwenye duka, bila riba, huku akiendelea kukaa bila redio.

Kisha yakaja maduka makubwa. Nakumatt, iliyoanzia Nakuru kwa kuuza magodoro, ilifika kuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, na mojawapo lilikuwa Prestige Plaza kwenye Ngong Road, mwendo wa miguu kutoka Makina, Kibera. Umbali haukuwa tatizo kwa mtu wa Kibera. Tatizo lilikuwa kwamba bei yote ilitakiwa kwa mkupuo mmoja, wakati kipato chake kinaingia kwa siku na kwa vipande. Nakumatt ilichukua bidhaa kwa wasambazaji kwa mkopo na kuziuza kwa pesa taslimu. Madeni yakaizidi, mahakama ikaiweka chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wake wakaamua ivunjwe. Naitaja kwa sababu inaonyesha tofauti ambayo wachambuzi wengi wa biashara huipita. Nakumatt ilikopa ili ijaze rafu. Kampuni zilizofuata hukopa ili zimkopeshe mnunuzi, na rafu zimeziacha kabisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni M-KOPA. Ilianzishwa na Jesse Moore, Nick Hughes na Chad Larson, na Hughes alikuwa Vodafone wakati M-Pesa ikibuniwa, huduma ambayo Safaricom iliizindua Machi 2007. Ilipoanza kuuza rasmi mwaka 2012, bidhaa yake ilikuwa mtambo mdogo wa sola wenye paneli, balbu, redio na waya wa kuchajia simu. Mteja alilipa takriban shilingi 3,000 mwanzoni, kisha shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mmoja, jumla kama 17,600. Hiyo 40 haikuokotwa tu. Ilikaribia kiasi ambacho familia nyingi zisizo na stima zilikuwa zikitumia kwa mafuta ya taa na kwa kuchajisha simu sokoni, kwa hiyo deni liliingia mahali ambapo matumizi yalikuwapo tayari. Ndani ya kisanduku cha betri kulikuwa na laini ya simu. Malipo yakiingia M-Pesa, kampuni ilituma ishara na mtambo ukafunguka. Siku zilizolipiwa zikiisha, ukajifunga. Aliyekosa pesa Jumanne alikaa gizani Jumanne, akalipa Jumatano, akaendelea. Kwa mtu ambaye kibarua hupatikana leo na kukosekana kesho, ulegevu huo ulikuwa na thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Kwa nini kufuli lilifaulu pale ambapo benki na maduka yalishindwa? Fikiria gharama ya kudai deni la redio Gatwekera au Lindi, ndani ya Kibera. Nyumba hazina namba, mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi na anaweza kuhama usiku mmoja, na hata ukimpata, redio iliyotumika miezi sita haiuziki kwa nusu ya bei yake. Nauli na siku ya kazi ya mdai vinaweza kuzidi deni lenyewe. Mkopeshaji mwenye akili timamu hakukopesha, na wala haikuwa lazima awe na dharau kwa maskini ili afikie uamuzi huo. Kufuli liliiondoa gharama hiyo karibu yote. Mdaiwa hahitaji kutafutwa, kifaa hakihitaji kubebwa, na hakuna dalali wa kulipwa. Zaidi ya hapo, kifaa kilichomalizwa kulipiwa kiligeuka kuwa dhamana ya kifaa kinachofuata: aliyemaliza deni la sola alikubali sola hiyo hiyo ifungwe tena iwapo angeshindwa kulipia runinga au jiko. Mtu asiye na kipande cha ardhi alipata kitu cha kuweka rehani bila kukitoa nyumbani. Huo ni uvumbuzi mkubwa, na wakosoaji wasioutambua hawajaielewa biashara wanayoikosoa.

Soko la kwanza la sola lilikuwa vijijini. Kibera na Kawangware hazikuhitaji sana paneli, kwa kuwa stima ipo, iwe ya tokeni za Kenya Power au ya waya zilizovutwa kinyemela juu ya mabati. Mlango wa mitaa hii ulifunguliwa na simu. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilizindua Lipa Mdogo Mdogo, simu ya 4G kwa malipo ya kwanza ya shilingi 1,000 na shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa. Wakati huo huo M-KOPA ilikuwa ikihamia kwenye simu janja, ikitumia programu ya kufunga iliyomo ndani ya simu yenyewe, ambayo haiondoki hata fundi akiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Kampuni ya Watu, iliyoanzia Mombasa mwaka 2015 kwa kukopesha pikipiki za bodaboda, nayo ikaingia kwenye simu. Mwaka 2023 M-KOPA ilikusanya mtaji na mikopo ya zaidi ya dola milioni 250 na ikafungua kiwanda cha kuunganisha simu hapa Nairobi. Sasa inauza Kenya, Uganda, Nigeria, Ghana na Afrika Kusini, na kwa hesabu yake yenyewe wateja wake wamepita milioni 5.

Wengi hudhani mitaa hii ilivutia kwa sababu ya wingi wa watu. Wingi wenyewe umetiwa chumvi mno: sensa ya 2009 ilihesabu takriban watu 170,000 Kibera, wakati midomo ya wengi ilikuwa imezoea kutaja milioni moja. Kilichomfaa muuzaji ni msongamano. Wakala wa kijijini hutumia nusu siku kumfikia mteja mmoja kwa bodaboda. Wakala wa Kawangware 46 anasimama mahali pamoja, na wanunuzi, wadhamini wao na majirani wanaowashawishi wote wanampitia asubuhi na jioni. Malipo ya kila siku nayo yanafanana na jinsi mitaa hii inavyonunua karibu kila kitu, kuanzia mafuta ya kupikia ya kupimiwa hadi tokeni za stima. Kampuni hizi hazikuwafundisha watu tabia mpya. Zilikuta uchumi wa siku kwa siku na kuujengea mfumo wa kulipisha.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaosifu bila kutia shaka. Kufuli lilipohama kutoka kwenye sola kwenda kwenye simu, kilichozimwa kilibadilika. Taa ikizimika, familia hupoteza starehe na saa kadhaa za kusomea. Ni hasara, lakini mwenye deni ataamka asubuhi aende kazini kama kawaida. Simu ikifungwa, kazi yenyewe imefungwa. Mwendesha bodaboda anayepokea abiria kupitia Bolt hana tena abiria. Mama fua anayepigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi na mwenye nyumba wa Lavington, ng'ambo tu ya Kawangware, huenda asipatikane, na mwenye nyumba atampigia mwingine. Fundi wa bomba, mpaka rangi, muuza chapati anayelipwa kwa M-Pesa, wote wanategemea kioo ambacho sasa kinaonyesha ujumbe mmoja wa kudai malipo. Kufuli la sola lilimnyima mdaiwa matumizi. Kufuli la simu humnyima mapato, na humnyima siku ile ile ambayo amethibitisha kuwa hana. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kumhimiza alipe kinaweza kumwondolea njia ya kulipa. Nadhani hii ndiyo kasoro kuu ya mfumo, na haionekani kwenye takwimu za ukuaji, kwa kuwa aliyeshindwa kwa sababu ya kufungiwa huhesabiwa pamoja na aliyekataa kulipa.

Kuna wanaosema tatizo ni bei tu, kwamba kampuni hizi zinauza simu moja kwa bei ya mbili na huo ni wizi. Tufanye hesabu ya mfano, isiyo ya kampuni yoyote. Simu inauzwa taslimu 12,000. Mteja analipa 1,500, kisha 60 kila siku kwa mwaka mzima. Jumla atakuwa ametoa 23,400. Alikopeshwa 10,500 na amelipa 11,400 juu yake, na kwa kuwa deni linapungua kila siku, riba halisi kwa mwaka inazidi asilimia 150. Ni kubwa mno, na mteja ana haki ya kuijua. Hata hivyo si yote inayoingia mfukoni mwa muuzaji kama faida. Ndani yake kuna wale waliolipa wiki mbili wakatoweka, kamisheni ya wakala, makato ya malipo madogo madogo, na mtaji wa nje ambao hurudishwa kwa fedha ya kigeni. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na anayekusanya kwa shilingi alilazimika kujikinga na hatari hiyo mapema. Simu yenyewe inapoingia nchini inabeba ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, na tangu 2022 ushuru wa bidhaa ukaongezwa juu. Safaricom iliweza kuuza kwa shilingi 20 kwa siku kwa sababu kila mteja anayetoka kwenye simu ya kabambe na kuingia 4G ataendelea kununua bando kwake kwa miaka. Kampuni isiyouza bando lazima ipate pesa yake yote kutoka kwenye simu. Anayedai bei zote ziwe sawa na za Safaricom anadai kitu ambacho hakiwezekani.

Shauri la kumwambia mtu ajiwekee akiba anunue taslimu nalo husikika sana, hasa kutoka kwa wenye mishahara. Akiba ya miezi minane katika nyumba ya chumba kimoja Silanga, Kibera, hukutana na homa ya mtoto, michango ya mazishi, kodi ya mwenye nyumba na jamaa aliyekwama hospitalini. Deni la simu hulipwa kwa sababu kuna kinachomsukuma mtu kulilipa. Akiba haina wa kuidai. Aidha, simu inayopatikana leo huanza kuleta kazi leo. Kwa hiyo mtu anayelipa karibu mara mbili hajawa mjinga. Amepima, na mara nyingi amepima sawasawa, ila kwa taarifa pungufu: anajua 60 kwa siku, hajui 12,000.

Pingamizi zito zaidi kuliko hayo yote ni lile la wanasheria wa kampuni. Watasema kufunga si kutwaa. Simu imebaki mfukoni mwa mteja, hakuna aliyeingia nyumbani kwake, na mkataba aliousaini unaruhusu. Kwa herufi za sheria wana hoja. Sheria ya Kenya ya ununuzi kwa awamu, Sura ya 507, inasema kwamba mteja akishalipa theluthi mbili ya bei yote, muuzaji hawezi kuirudisha mali mikononi mwake isipokuwa kwa kwenda mahakamani. Inazungumzia kuichukua mali, na ilitungwa wakati ambapo njia pekee ya kumnyima mtu cherehani ilikuwa kuibeba. Lakini sheria hutungwa dhidi ya madhara, na madhara yaliyolengwa yana historia. Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa na wauzaji walioacha mteja alipe mpaka abakishe awamu chache, kisha wakamvamia siku ya kwanza aliyochelewa, wakabeba samani, wakaziuza tena kwa mwingine. Mbunge Ellen Wilkinson alipeleka mswada, na sheria ya 1938 ikaweka kizuizi: mteja akilipa theluthi moja, mali haitwaliwi bila amri ya mahakama. Kenya ilichukua kanuni hiyo miaka thelathini baadaye, ikasogeza mstari hadi theluthi mbili. Msingi wake ni kwamba kila awamu inayolipwa inampa mteja sehemu ya haki katika kitu hicho, na haki hiyo haifutwi kwa kuchelewa siku moja. Mteja wa mfano wetu aliyelipa 20,000 kati ya 23,400, kisha kioo kikafungwa kwa sababu amekosa shilingi 60, amerudishwa katika hali ile ile aliyokuwa nayo mteja wa samani wa 1937. Tofauti ni kwamba hakuna gari lililokuja mlangoni, kwa hiyo hakuna jirani aliyeona.

Wakenya wanajua tayari kwamba kuzima simu kutoka mbali ni tendo zito. Mwisho wa Septemba 2012 tume ya mawasiliano iliamuru mitandao izime simu bandia, na takriban milioni 1.9 zikanyamaza. Uamuzi huo wa serikali ulitanguliwa na tarehe zilizosogezwa, matangazo ya redio, na namba ya kutuma ujumbe ili mtu ajue kama simu yake ni halali. Kulikuwa na mjadala wa taifa zima kabla ya kitufe kubonyezwa. Leo vitufe vya aina hiyo vinabonyezwa kila usiku na kompyuta za kampuni binafsi, na utaratibu wote uko ndani ya mkataba ambao mteja aliupitisha kwa kidole akiwa amesimama kando ya meza ya wakala, matatu zikipiga honi.

Wasimamizi waliuacha mwanya huu wakijua. Bunge liliipa Benki Kuu mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali mwishoni mwa 2021, baada ya kilio dhidi ya programu za mikopo zilizokuwa zikiwapigia simu ndugu na waajiri wa wadaiwa. Lakini kanuni za Machi 2022 ziliacha nje mkopo unaoambatana tu na uuzaji wa bidhaa pale ambapo biashara kuu ya muuzaji si kukopesha. Kwa duka la fanicha linalompa mteja mwezi mmoja wa kumalizia, msamaha huo una maana. Kwa kampuni ambayo simu ni njia tu ya kufikisha mkopo, ulimruhusu mkopeshaji mkubwa ajiite muuzaji. Mwishoni mwa 2024 Bunge lilipanua mamlaka ya Benki Kuu hadi kwa wakopeshaji wengine wasiopokea amana, na hiyo ni hatua ya haki. Muhimu sasa ni kanuni zenyewe, na naomba zisiishie kwenye leseni na ada, kwa sababu leseni haimwambii mteja bei wala haimlindi usiku ule kioo kinapofungwa.

La kwanza ninalolitaka halihitaji hata sheria mpya. Sura ya 507 inamtaka muuzaji amjulishe mteja bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya mkataba. Iandikwe mezani kwa wakala, kando ya jumla ya bei ya awamu, kwa herufi zinazosomeka kwa mtu aliyesimama, kwa Kiswahili. Wakala huyo hulipwa kwa kila simu anayoitoa, kwa hiyo hawezi kutegemewa kuitaja kwa hiari. Pili, theluthi mbili igeuzwe iwe kanuni ya kufuli. Kabla ya hapo kampuni ifunge inavyofunga sasa, baada ya ilani ya siku kadhaa. Baada ya hapo isiruhusiwe kufunga simu nzima. Iruhusiwe kuzuia mitandao ya kijamii, video, kamera, michezo, lakini simu za kupiga na kupokea, ujumbe mfupi na M-Pesa zibaki wazi. Mdaiwa ataona usumbufu kila anapoishika simu, ila ataweza kupokea kazi na ataweza kulipa. Programu ya kufunga inaweza kutengenezwa hivyo. Anayeandika programu ya kufunga kila kitu anaweza kuandika ya kufunga baadhi.

Jambo la tatu linahusu mafundi, na kwa Kibera na Kawangware ni kubwa kuliko linavyoonekana Westlands. Kifaa kikiharibika wakati wa deni, deni haliharibiki. Kioo kikipasuka mwezi wa tatu, mteja hukabiliwa na mambo mawili: aendelee kulipia kitu kisichofanya kazi, au aende kwenye kibanda cha fundi, na huenda kampuni ikamwambia kwamba kuifungua simu kumevunja masharti ya dhamana. Wapo wanaoacha kulipa hapo, na kampuni huwaandika kuwa wadaiwa wabaya. Nawaomba wauzaji waingie mikataba na mafundi wa mitaani, wawape vipuri halali na idhini, na malipo ya siku yasimame simu inapokuwa mezani kwa fundi. Mafundi hawa wamefufua redio na wufa za mitaa hii kwa miaka mingi. Kuwafanya maadui wa dhamana ni kuharibu huduma iliyokuwapo kabla ya kampuni kufika.

Nne, rekodi. Mtu aliyelipa shilingi 60 kwa siku kwa mwaka mzima, akikosa siku chache tu, amethibitisha uaminifu wake kuliko wenye mishahara wengi ambao deni lao hukatwa bila wao kugusa. Rekodi hiyo leo hukaa kwa muuzaji, na humrudisha mteja kwa muuzaji yule yule kwa mkopo wa pili kwa masharti ambayo hawezi kuyalinganisha. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake na kuzihamisha. Basi kampuni ziwe na njia ya kuzitoa kwa ujumbe mfupi, kwa namna ambayo sacco ya Kawangware au benki inaweza kuisoma. Hapo ushindani utaanza kushusha bei, bila Bunge kupanga riba. Kenya iliijaribu dari ya riba kwa mabenki kati ya 2016 na 2019, na wakopaji wadogo ndio waliofungiwa mlango.

Nitaambiwa kwamba kulegeza kufuli kutaongeza madeni mabaya, bei zitapanda, na maskini watarudi kwenye mtumba. Hatari hiyo ipo kwa mtu aliye mwanzoni mwa deni, ndiyo maana sipendekezi kumlegezea. Aliyefika theluthi mbili ameshalipa, katika mfano wetu, angalau 15,600 kwa simu ya 12,000. Bei ya taslimu imerudi. Kinachobaki ni gharama ya mkopo na faida, na mtu aliyevumilia miezi minane hana sababu ya kutoroka akiwa amebakisha minne, hasa kama rekodi yake ina thamani kwingine. Kampuni zina takwimu za malipo ya kila siku kwa miaka mingi. Zinajua ni wangapi huacha kulipa baada ya theluthi mbili, na kama idadi hiyo ni kubwa kiasi cha kuzuia pendekezo hili, zipeleke hesabu hizo Benki Kuu, zikionyesha Nairobi peke yake, na waliofungiwa simu wakitengwa na walioacha wakiwa na simu wazi.